Maulidi ya Nta Laini

Fundi Maati aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, na kabla hajafungua macho sawasawa akajua mambo yameharibika. Upepo ulikuwa umegeuka. Mwezi mzima dirisha la chumba chake, linalotazama baharini, lilikuwa likimletea ubaridi wenye chumvi wa kumfanya ajifunike shuka mpaka shingoni. Asubuhi hii pazia lilikuwa limetulia tuli, na joto lilikuwa linaingia kutoka upande wa bara, joto kavu lenye harufu ya vumbi. Sharki hiyo. Upepo wa jangwani unaokuja mara chache kwa mwaka, ukakaa siku mbili tatu, ukawakausha watu midomo na kuwagombanisha mke na mume. Siku zote zilizopo, umeichagua leo!

Leo ilikuwa siku ya minara ya nta. Baada ya sala ya alasiri minara saba ingebebwa mabegani mwa wanaume kutoka uani kwa mafundi, ipite sokoni na vichochoro vyote vya mji mkongwe wa Salé, mpaka kwenye zawiya, nyumba ya ibada yenye kaburi la walii wa mji, itundikwe humo kwa heshima ya Maulidi. Kila mnara ni mrefu kuliko mtu, fremu ya mbao iliyovikwa karatasi nyeupe, na juu ya karatasi kumebandikwa maelfu ya maua ya nta, mekundu, ya kijani, ya manjano, membamba kama ganda la kitunguu. Wachukuzi hawatembei nayo tu. Wanaizungusha, wanainama nayo, wanacheza nayo kwa zumari na matari, na mji mzima unapiga kelele. Na maua ya mwaka huu, alijua Maati peke yake, yalikuwa ya nta laini.

Tatizo la Maulidi ni kwamba haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na kitu, ikitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto na kurudi tena, na mtu huiona mara mbili tu ikizunguka hivyo, akijaliwa umri. Sasa nta ya maua ina ubishi wake. Ukiichanganya iwe ngumu, wakati wa baridi ua linapasuka kama biskuti mchukuzi akianza kuzunguka. Ukiichanganya iwe laini, wakati wa joto ua linalegea, linajikunja, linaanguka. Kwa hiyo mwenye sufuria, yaani mpika nta, hubadilisha mchanganyiko wake kidogo kidogo kila mwaka, akiifuata Maulidi inakokwenda.

Mwenye sufuria alikuwa Jilali, kaka yake Maati. Maati yeye alikuwa mtu wa mbao na kubandika, na mikono yake kwa hilo haikuwa na mfano. Lakini Jilali alifariki siku chache baada ya Idi, na mafundi walipokusanyika kuuliza nani atapika nta, Maati akasema, "Mimi. Nilifundishwa." Hakudanganya. Alifundishwa, mara moja, ujanani, mwaka ambao Maulidi iliangukia kwenye mvua na watu walivaa majoho mawili mawili. Mchanganyiko ule aliukumbuka neno kwa neno, akaupika hivyo hivyo, kwa fahari kubwa, akiwa anatokwa na jasho la kiangazi. Mtu mzima mwenye akili zake!

Aligundua baada ya kila kitu kubandikwa. Aliacha ua moja kwenye ukingo wa dirisha, akaenda kunywa chai, aliporudi akalikuta limelala kifudifudi. Alilitazama hilo ua muda mrefu. Tangu siku hiyo alikuwa hali akashiba. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba Salé ni mji wa bahari, na bahari haijawahi kumtupa.

Sasa bahari ilikuwa imemtupa.

Alipofika uani kwa mafundi aliikuta minara imesimama kwenye kivuli, mizuri, imenyooka, haina habari. Akamwaga maji sakafuni. Akafunika uwazi wa juu pale uani kwa mashuka yaliyoloweshwa. Akagusa ua moja jekundu kwa ncha ya kidole, na kidole kikaacha alama.

"Joto leo, shemeji," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Lalla Tamou, Bibi Tamou kwa heshima, mjane wa Jilali, pamoja na wanawake wenzake wawili waliokuja kurekebisha maua yaliyovunjika. Maua ndiyo kazi yao kila mwaka: fundi huwapelekea mabonge ya nta, nao huyayeyusha tena nyumbani, wakatia rangi, wakachovya vibao vya kuchongwa na kuvitumbukiza kwenye maji baridi, na ua likabanduka. Tamou alikuwa mwembamba, amevaa nyeupe ya ujane, na macho yake hayakuwa na haraka.

"Litapungua," Maati akasema. "Ikifika adhuhuri bahari itavuta upepo."

"Bahari itavuta," Tamou akarudia, bila kuuliza na bila kukubali.

Maati akageuka, akajitia kukaza kamba ambayo haikulegea. Alimwogopa mwanamke huyu tangu masika. Baada ya arobaini ya Jilali, Tamou alimjia akamwambia kwa upole, "Shemeji, siku ya kuyeyusha niite, nikae nawe pale kwenye sufuria." Naye, kwa kiburi ambacho hata sasa hakujua kilitoka wapi, akamjibu mbele ya watu, "Sufuria si kazi ya wanawake, Lalla. Wewe shughulika na maua." Siku ile ile akatuma watu wakaitoe sufuria uani kwa Tamou, wakaibeba ikimpita mlangoni. Tamou aliitikia kwa kichwa tu. Hakulirudia neno hilo tena, na mpaka leo Maati hakujua kama alisamehewa au aliwekewa kinyongo.

Adhuhuri ilifika, bahari haikuvuta. Mashuka yalikauka kabla mtu hajamaliza kuyatundika. Kwenye mnara wa kwanza, ule mkubwa unaotangulia yote, ua moja la kijani likainamisha kichwa taratibu. Maati akaliinua kwa ukucha, akalibonyeza. La jirani yake likainama. Ikawa anazunguka mnara kama mama mwenye watoto wengi wenye homa, huku akisoma kila dua aliyowahi kuijua.

Kisha wachukuzi wakaingia kwa vishindo, wamevaa suruali zao pana za tarizi na mikanda myekundu, wanacheka, wananukia marashi. Hawa ni wajukuu wa mabaharia na wapiga makasia wa mto, na hawaachi mtu asahau. Mkubwa wao, Allal, alikuwa na shingo nene na masharubu ya kujivunia, na kwa kuzungusha mnara hakuwa na mpinzani. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto, kutoka Rabat, kumtazama yeye tu.

"Fundi!" Allal akapaza sauti. "Mbona umekunja uso kama umeoza jino? Leo sikukuu!"

Maati akamshika mkono, akamvuta pembeni, nyuma ya mlango. Maneno aliyokuwa ameyakalia siku zote hizo ilibidi ayasukume moja moja.

"Allal, ndugu yangu. Leo msizungushe."

"Tusizungushe nini?"

"Minara. Tembeeni tu. Polepole."

Allal akamtazama akingoja kicheko. Hakikuja. "Nitembee tu? Kama mtu anayehamisha kabati? Fundi, umepigwa na jua wewe."

"Nta ni laini." Basi, limetoka. "Nimekosea mchanganyiko. Nimepika ya baridi. Ukizunguka mara moja, maua yote yatakuwa vichwani mwa watu."

Allal akachungulia uani, akaona lile ua la kijani limelala tena. Masharubu yake yakatikisika.

"Wewe ndiye uliyesema umefundishwa," akasema. "Tulikuuliza mara tatu. Ukatupandishia mabega."

"Najua."

"Unajua! Na mimi nifanyeje? Pale soko kuu watu wamekaa mapaani tangu asubuhi wanangoja nizunguke. Baba yangu alizungukia pale. Nikipita pale nimenyooka kama nguzo, watoto watanizomea mpaka nizeeke. Watasema Allal kishaumwa mgongo."

"Lawama nipe mimi. Waambie ni mimi."

"Usinifundishe la kusema," Allal akasema, akauondoa mkono wa Maati kwenye mkono wake. "Nitajua nikifika."

Na hilo ndilo jibu pekee Maati alilopata. Adhana ya alasiri ikalia, watu wakaswali, zumari zikaanza, na minara ikanyanyuliwa.

Maati alitembea nyuma ya mnara wa kwanza, hatua mbili nyuma ya kisogo cha Allal, na hakuona kitu kingine duniani. Hakuwaona akina mama waliorusha maji ya marashi kutoka madirishani, wala wazee waliosimama vizingitini na tasbihi. Aliona maua tu. Kila Allal alipoinua bega kurekebisha uzito, roho ya Maati ilipanda nalo. Kichochoro cha kwanza kilikuwa na kivuli, akashukuru. Cha pili kilikuwa na jua la kuchoma, na hapo ua la kwanza likaanguka. Lilimdondokea Allal shingoni, likamng'ang'ania. Allal hakugeuka. Aliinua mkono wake mmoja, akalibandua, akalifinyanga kati ya vidole vyake likawa gololi, akaidondosha chini.

Likaanguka la pili, na la tatu. Maati akayaokota haraka na kuyaficha kwenye kofia ya joho lake, akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Angejificha wapi? Kama mnara ungevuliwa nguo mbele ya mji mzima, mwaka wa kwanza tu baada ya kufa Jilali, watu wangesema nini? Wangesema nyumba ile ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo amekufa. Na wangekuwa wanasema kweli. Hapo ndipo palipomuuma zaidi.

Soko kuu lilikuwa limefurika. Watu kwenye mapaa, watu juu ya vibanda vya wauza viatu, watu wananing'inia kwenye nguzo za taa. Zumari zikapandisha, matari yakashika kasi, yakaanza ule mdundo ambao kila mtoto wa Salé anaujua tangu tumboni: mdundo wa kuzungusha. Umati ukafungua duara bila kuambiwa.

"Zungusha, Allal! Zungusha!"

Allal akaingia katikati ya duara. Akapanua miguu. Maati akamwona akikaza mgongo, akakunja goti la kulia kama anavyofanya siku zote kabla hajaruka, na mnara mkubwa ukayumba, na maua yake yote yakatikisika kwa pamoja. Maati alifumba macho. Alisikia kelele za watu zikipanda. Akangoja ile sauti ya maua kuanguka.

Haikuja. Kilichokuja ni matari kunyamaza, moja baada ya jingine, na zumari ikakatika katikati ya pumzi.

Alipofumbua macho Allal alikuwa amesimama wima, mkono mmoja juu.

"Enyi watu wa Salé!" Sauti yake ilikuwa kubwa lakini imekwaruza. "Leo hatuzungushi. Aliyetupikia nta miaka yote hii tumemzika mwaka huu. Leo tunatembea na Jilali, na mtu anayetembea na marehemu hachezi. Mswalieni Mtume."

Mwanamke mmoja mapaani akaanza kumswalia Mtume, wa pili akamjibu, na sauti ikashuka paa kwa paa mpaka soko zima likaitikia. Wanaume wakavua kofia za majoho yao. Mwuza viatu mmoja akajifuta macho kwa kipande cha ngozi. Minara saba ikapita katikati yao polepole, imenyooka, na hakuna aliyezomea.

Maati alikuwa analia. Watu walimwona analia, wakamshika mabega, wakambusu kichwani. "Mungu akulipe, Fundi. Hakuna aliyemkumbuka ndugu yake kama wewe." Alitaka kuwaambia wamwache. Kila busu lilimchoma. Yeye hakumkumbuka ndugu yake hata kidogo. Alikuwa anaokoa uso wake, na sasa jina la Jilali lilikuwa limetandikwa juu ya kosa lake kama shuka safi juu ya kitanda kichafu.

Minara iliingia zawiya jua likiwa linashuka. Ilikuwa imelegea, mingine imepoteza maua upande mmoja, lakini humo ndani ni baridi na giza, kuta ni nene, na ikitundikwa juu hakuna wa kuikagua. Maati alimtafuta Allal mlangoni.

"Sijui nikushukuruje, ndugu yangu."

"Usinishukuru," Allal akasema, akifuta nta shingoni. "Sikukufanyia wewe. Nimemfanyia yeye." Akaenda zake.

Maati hakwenda kwake. Alikwenda kwa Tamou, kwa sababu alikuwa amemwona. Tamou alikuwa kwenye paa la nyumba ya jirani yake, pale soko kuu, mwenye nyeupe peke yake kati ya rangi zote zile, na Allal alipolitaja jina la Jilali alikaa chini ghafla, akatoweka nyuma ya ukuta.

Alimkuta uani kwake, amekaa kwenye mkeka na sinia la ngano ya uji wa Maulidi wa kesho asubuhi, ule wa siagi na asali. Alikuwa anaichagua mawe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, shemeji. Kaa."

Maati akakaa. Tamou akaendelea kuchagua.

"Nikuulize kitu," akasema. "Ni wewe uliyewaambia watembee? Kwa ajili yake?"

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, ndiyo, na mwanamke huyu angelala usiku huo akiwa na kitu cha kukishika, na yeye Maati angekuwa mtu mwema mpaka siku ya kufa kwake. Hakuna ambaye angemkatalia, hata Allal. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Hapana," akasema. "Niliwaambia watembee kwa sababu nta ilikuwa laini. Nilikosea, Tamou. La Jilali amelitunga Allal, palepale."

Mkono wa Tamou haukusimama.

"Najua ilikuwa laini," akasema.

"Unajua?"

"Siku uliyotuletea mabonge nilitafuna kipande. Ya joto inakataa meno kwanza. Yako ilikubali kama ubani wa kutafuna."

Maati akamtazama. Damu ilimpanda usoni, ikashuka. "Wiki zote hizi ulijua, ukachovya maua, ukatabasamu. Mbona hukuniambia?"

Sasa Tamou akaweka sinia chini.

"Wewe ulijua nani alikuwa anapika nta nyumba hii? Mkono wa Jilali ulimwacha zamani, Maati. Ulikuwa unatetemeka, hawezi hata kushika mwiko. Alikuwa anakaa pale kwenye kigoda, ananisimulia, mimi nakoroga. Kisha hata kusimulia akaacha, kwa sababu nilikuwa najua. Hakutaka mjue. Nikamfichia. Halafu anakufa, nakuja kwako kwa adabu, unaniambia mbele ya watu si kazi ya wanawake, unatuma watu waichukue sufuria mlangoni kwangu." Akalisukuma sinia pembeni. "Nikasema haya, acha aumbuke. Sikunyamaza tu, shemeji. Niliomba. Kila alfajiri, juu ya mswala, niliomba joto."

"Na Mungu akanipa," Tamou akasema. "Leo asubuhi nilipofungua dirisha nikasikia sharki, nilifurahi. Alasiri nikaenda kupanda pale paani niitazame aibu yako vizuri. Kisha yule mwanamume mwenye masharubu akalitaja jina la mume wangu. Watu wote wakamswalia Mtume kwa ajili yake. Na mimi nilikuwa nimekaa mwezi mzima naomba minara ya Jilali iangukie watu vichwani." Akajifunika uso kwa mtandio wake. "Nilitaka ardhi ipasuke."

Kutoka kichochoroni zilisikika sauti za watu wakienda kwenye kisomo, wanacheka, wanaitana. Maati alijaribu kumkasirikia, akashindwa. Alijaribu kujikasirikia, akaona amechoka. Tangu alfajiri hiyo hakuwa amevuta pumzi ikafika chini, na sasa ikafika.

"Joto la mwaka ujao litakuwa kali zaidi," akasema hatimaye. "Maulidi inarudi katikati ya kiangazi. Niambie, Tamou. Kwenye joto, nachanganyaje?"

Tamou akafunua uso. Alimtazama shemeji yake kuanzia kilemba mpaka miguuni.

"Sikwambii."

"Tamou..."

"Sikwambii. Nitapika mwenyewe. Hapa hapa uani. Kesho kutwa utanirudishia sufuria yangu, uibebe wewe, mchana, watu wakikuona. Na wewe utachovya maua pamoja na akina mama."

"Watu watasema."

"Waseme. Au unataka nimwite Allal, aseme yeye tena?"

Maati akatazama mikono yake mikubwa ya useremala, akayafikiria yale maua membamba kama ganda la kitunguu.

"Haya," akasema.

"Na usichovye mara mbili," Tamou akasema, akilivuta tena sinia lake. "Wanaoanza huchovya mara mbili, yanatoka manene kama masikio."

Maati akasema hatachovya mara mbili.